Zilizo Chini Haziulizwi

Hapo zamani, si ile zamani ya majini na wafalme bali zamani ya juzi, wakati simu zilikuwa zimekwisha kupanda milima na kila mwenye shamba la tangawizi alikuwa nayo mfukoni, palikuwa na ukoo mmoja katika milima ya Upare, upande unaotazama mbuga ya Mkomazi. Kaeni vizuri. Mwishoni mtaulizwa.

Ukoo huo ulikuwa na desturi yake ya kuzika. Jeneza likishashushwa, kabla udongo haujatiwa, mtunzaji wa daftari la ukoo alisimama upande wa kichwani akaita majina ya watoto wote wa marehemu. Aliyeitwa alijibu, "Nipo." Aliyeshindwa kufika alituma mtu wa kumwitikia. Aliye njiani alipeleka ombi kwamba asubiriwe, na ombi likifika kwa wazee, mazishi yalisubiri hata siku tatu. Lakini jina likiitwa mara tatu bila jibu, na ombi halipo, udongo ulitiwa.

Kisha mtunzaji aliandika. Mbele ya kila jina aliandika "aliitika". Mbele ya jina lililonyamaza aliandika "hakuja", kama mwenye jina hakutaka kuja. Au "alizuiwa na", kisha jina la kilichomzuia. Jina moja tu, kwa sababu mstari ni mmoja. Na ukurasa wa waliozuiwa ulisomwa kwa sauti katika kila msiba uliofuata, ili watu wasizembee kufikisha habari.

Ukurasa huo haukuwa mrefu. Mahali pamoja paliandikwa "alizuiwa na mto". Mahali pengine, "alizuiwa na vita". Na mwaka wa themanini na nne paliandikwa "alizuiwa na Yonazi".

Yonazi alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Alipokea telegramu mjini Same, akaitia katika mfuko wa koti, akapitia kwa fundi baiskeli, akasahau. Jina lake likasomwa katika msiba uliofuata, na uliofuata, na uliofuata. Liliposomwa mara ya nne aliacha kuja mazikoni. Baadaye aliacha kuja nyumbani. Alifia Korogwe, na waliomzika hawakujua kwamba kwao kuna majina ya kuitwa.

Mtunzaji wa daftari katika hadithi hii ni dada yake Yonazi. Jina lake Foibe. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne, alikuwa na mwandiko ulionyooka, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimwambia jambo lilitokea "kama mwezi wa sita hivi", aliweka kalamu chini akakungoja ukumbuke tarehe.

Sasa watu wa ukoo walitawanyika. Wengine Arusha, wengine Mtwara, wengine ng'ambo. Ndipo Mbonea, mtoto wa kaka yake Foibe, aliyekuwa akifanya kazi ya kuandika programu mjini Moshi, alipoujengea ukoo tovuti.

Hakuijenga yote kwa mkono wake. Alichukua kiunzi, yaani nyumba ya programu ambayo mafundi wengine wamekwisha kuisimamisha, yenye mlango na kuta, na anayeichukua hupanga vyumba vyake mwenyewe. Katika kila chumba Mbonea aliweka mpokezi. Mpokezi si mtu. Ni mistari ya maelekezo inayojua kazi moja. Huyu alijua kuandika mtoto aliyezaliwa. Huyu alijua kutangaza ndoa. Huyu alijua kutangaza msiba. Na huyu alijua kupokea salamu na kuzihifadhi.

Na mlangoni Mbonea aliweka orodha ya njia. Mtu akituma ombi kutoka kwenye simu yake, ombi lile linakuja na anwani. Mlango unasoma anwani, kisha unasoma orodha kutoka juu kwenda chini, ukitafuta njia inayofanana na ile anwani. Njia ya kwanza inayofanana ndiyo inayochukua, na zilizo chini yake haziulizwi.

Shikeni neno hilo. Ya kwanza inayofanana ndiyo inayochukua, na zilizo chini yake haziulizwi.

Foibe alipewa kazi ya kusoma salamu. Kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai, alivaa miwani, akaenda chumbani kwa kaka yake mkubwa, Mzee Eliewaha, ambaye macho yalikuwa yamemwacha, akamsomea kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuruka hata moja. Na kila wiki ilikuwamo salamu ya Namkunda.

Namkunda alikuwa binti wa Eliewaha, mwalimu Sumbawanga. Miaka sita nyuma alimwacha mume ambaye baba yake alimpokea kwa mikono miwili. Eliewaha akamwambia mezani, mbele ya sahani ya makande, "Mimi sina la kusema nawe." Namkunda akaondoka, na kweli hawakusemezana tena. Lakini aliandika. Aliandika mvua ya Sumbawanga, aliandika darasa lina watoto tisini, aliandika amepanda parachichi mbili na moja imeshika.

Foibe akisoma, mzee alinyamaza. Akimaliza, mzee aliuliza, "Zimeisha?"

"Zimeisha, kaka."

"Ile ya parachichi, rudia."

Foibe alirudia. Lakini hakumwandikia Namkunda kwamba baba yake aliomba irudiwe. Hakuambiwa amwandikie, na Foibe hakuwa mtu wa kupeleka neno ambalo halikutumwa. Namkunda alichopata kila mara ni jibu la yule mpokezi wa salamu, lilelile kwa watu wote: "Imepokelewa. Ukoo unakushukuru."

Ikafika wakati salamu za Namkunda zikakoma. Jumamosi ya kwanza mzee aliuliza, "Namkunda hajaandika?" Jumamosi ya pili aliuliza. Jumamosi ya tatu hakuuliza, akageukia ukutani. Foibe akampigia Mbonea.

"Mbonea mwanangu, mlango wako unafukuza watu."

"Haufukuzi, Shangazi. Nilibadilisha anwani. Mwanzoni chumba cha salamu kilikuwa kinaitwa barua. Mwenye anwani ya zamani anaambiwa haipo."

"Mtu anaambiwa nyumba ya baba yake haipo, na wewe unasema hafukuzwi."

Mbonea akauliza, "Unataka nifanyeje?"

"Nataka mtu wa ukoo huu akigonga, kwa neno lolote, apokewe. Usinijibu kwamba haiwezekani."

"Inawezekana."

Mbonea akaandika njia mpya. Njia ile ilisema hivi: neno lolote, likifuatwa na jina lolote la mtu wa ukoo, lipelekwe kwa mpokezi wa salamu. Ulikuwa mlango mpana. Na kwa kuwa alijua kazi yake, aliuweka mwisho kabisa wa orodha, ili zile njia nyingine ziulizwe kwanza na huu uchukue mabaki tu. Aliuweka mahali sahihi. Lakini hakuacha maandishi pembeni kusema, "Msiongeze kitu chini ya hapa." Aliona kila aliyesomea anajua.

Jumamosi iliyofuata salamu za Namkunda zilikuwa tatu, zile zilizokataliwa alizozituma upya, zote kwa anwani ile ya zamani. Mzee alisikiliza, akaomba chai, akaomba na andazi.

Sasa yuko mtu mwingine. Yonazi, yule wa telegramu, aliacha binti Korogwe, jina lake Elinaza. Elinaza alikua hajui ukoo wa baba yake hadi alipokutana na tovuti ile. Akaandika salamu yake ya kwanza, Foibe akaisoma, akalia peke yake jikoni, kisha akampigia. Elinaza alikuja milimani kwa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini na moja. Naye alikuwa fundi wa programu.

Katika kikao cha ukoo cha Desemba, Elinaza alisimama. "Wazee wangu, najua jina la baba yangu husomwa. Sikuja kuomba lifutwe. Nimekuja kuomba niongeze chumba kimoja katika nyumba ya kaka Mbonea."

Nikodemo, kaka yake Foibe, baba yake Mbonea, ndiye aliyeendesha vikao. Akauliza, "Chumba cha nini, mwanangu?"

"Cha kusubiriwa. Aliye njiani kuja kuzika atabonyeza mahali pamoja tu, na simu za wazee wanne zitalia, hazitanyamaza mpaka mmoja apokee. Naye atajibiwa, 'Unasubiriwa.' Ujumbe wa baba ulipita katika mfuko wa mtu. Huu hautapita katika mfuko wa mtu."

Wakakubali. Elinaza akaandika mpokezi wake, mistari michache iliyo safi. Kisha akafungua orodha ya njia, na kama mtu yeyote anavyoongeza jina kwenye orodha, akaiandika njia yake mwisho. Chini ya mlango mpana.

Msiharakishe kumhukumu. Mahali alipojifunzia kazi walitumia kiunzi kingine. Kile, kikipewa njia mbili zinazofanana na anwani moja, kilichagua ile iliyo mahususi zaidi, hata ikiwa chini. Hakujua kwamba hiki hakichagui. Hakuuliza, na Mbonea hakumwambia.

Akaijaribu kazi yake palepale kikaoni. Lakini hakupita mlangoni. Alimwita mpokezi moja kwa moja, kwa jina, kama mtu aliye tayari ndani ya nyumba. Simu nne zikalia kwa mpigo, na mzee mmoja akamwaga uji.

"Hii hata marehemu mwenyewe ataamka," alisema Ombeni, mkwe wa nyumba ile, ambaye kwa kuwa ni mkwe mzaha wake ulivumiliwa. Watu wakacheka. Foibe akaandika katika daftari: tarehe ishirini na nane Desemba, chumba cha kusubiriwa kimejaribiwa, kinafanya kazi.

Basi. Mwezi wa tano, siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, Mzee Eliewaha alifariki.

Habari zilitoka kwenye tovuti, zikafika kila mahali siku ileile. Zilifika Sumbawanga. Na chini ya tangazo palikuwa na kitufe kilichoandikwa "Naomba nisubiriwe".

Jumatano, saa nne asubuhi, Namkunda alikibonyeza. Akaandika: "Ninakuja. Nitafika Jumamosi asubuhi. Nisubirini nimwone." Ombi likatoka na anwani yake: kusubiriwa, kisha jina lake.

Likafika mlangoni. Mlango ukasoma orodha kutoka juu. Kuzaliwa? Siyo. Ndoa? Siyo. Msiba? Siyo. Salamu? Siyo. Neno lolote na jina lolote la mtu wa ukoo? Ndiyo. Ya kwanza inayofanana ndiyo inayochukua, na zilizo chini yake haziulizwi. Mpokezi wa Elinaza alikuwa hatua moja chini, tayari, na hakuna aliyemwita.

Hakuna simu iliyolia. Namkunda akajibiwa, "Imepokelewa. Ukoo unakushukuru."

Alikuwa amelizoea jibu hilo miaka mingi. Hakuwapo kikaoni Desemba, hakujua kwamba aliyesikika huambiwa "Unasubiriwa". Akapanda basi Alhamisi alfajiri. Namba ya Foibe alikuwa anaijua kwa kichwa. Njiani aliitoa simu mara mbili akaitazama, Mbeya mara moja na Morogoro mara moja, na mara zote mbili akairudisha kwenye mkoba.

Alhamisi hiyo hiyo, saa sita mchana, Foibe alikuwa uani akipanga viti. Simu yake ikaonyesha: salamu mpya arobaini na moja. Chini yake majina. Aliyasoma kwa mbali, kwa sababu mikono ilikuwa na vumbi, na katikati akaliona jina la Namkunda.

Akasema kimoyomoyo: baba yake yuko ndani ya sanduku, na yeye anatuma salamu. Akaiweka simu kwenye dirisha. Salamu husomwa Jumamosi. Zitasomwa Jumamosi, kutoka ya kwanza, kama siku zote.

Ijumaa alasiri walizika. Foibe alisimama upande wa kichwani, daftari mkononi, akasoma ukurasa wa waliozuiwa. Aliposoma "alizuiwa na Yonazi" hakumtazama Elinaza, na Elinaza alitazama viatu vyake. Kisha akaita watoto wa Eliewaha.

"Sefora wa Eliewaha."

"Nipo."

"Tumaini wa Eliewaha."

"Nipo."

"Namkunda wa Eliewaha."

Kimya.

"Namkunda wa Eliewaha."

Watu walitazamana. Nikodemo akawageukia wale wazee watatu wenzake wenye simu. Kila mmoja akatikisa kichwa. Hakuna ombi.

"Namkunda wa Eliewaha," alisema Foibe mara ya tatu, na sauti yake haikuwa na huruma. Hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye kuliko yote. Alimwita kama mtu anayemsomea mtu hukumu.

Udongo ukatiwa.

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Foibe alivaa miwani. Miguu yake ikaelekea chumbani kwa kaka yake. Akasimama mlangoni, akakumbuka, akarudi barazani. Akaanza kusoma kwa sauti, peke yake. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Za rambirambi, zinazofanana. Alipofika ya ishirini na saba akasoma, "Ninakuja. Nitafika Jumamosi asubuhi. Nisubirini nimwone."

Akaitazama tarehe. Akaitazama saa. Jumatano, saa nne asubuhi.

Bado alikuwa ameishika simu aliposikia mtu akitua mzigo kwenye ngazi.

"Shikamoo, Shangazi."

Foibe hakuitikia. Namkunda alimtazama, kisha akapitisha macho uani. Viti vilikuwa vimekwisha kukusanywa, vimepangwa kimoja juu ya kingine.

"Mmeshazika," alisema.

"Jana."

"Niliomba."

"Nimeisoma sasa hivi."

Namkunda akaketi kwenye mzigo wake. Hakulia. Alikuwa na vumbi la siku mbili kwenye nyusi. "Sasa hivi," alirudia. "Na zile nyingine ulikuwa unasoma lini?"

"Jumamosi. Nilikuwa namsomea baba yako."

"Ulikuwa unamsomea?"

"Kila moja."

"Alikuwa anasemaje?"

"Ile ya parachichi aliomba nirudie."

Hapo ndipo Namkunda alipolia, na Foibe alisimama pale na miwani yake hajui mikono aiweke wapi.

Siku ya kuanua tanga ukoo ulikaa kikao. Daftari lilikuwa mezani, limefunguliwa mahali pa Eliewaha. Majina yote yalikuwa na neno lake mbele isipokuwa moja.

Nikodemo akasema, "Hatuwezi kuandika 'hakuja'. Amekuja. Itaandikwa 'alizuiwa na'. Kabla dada yangu hajaandika, kila mmoja aseme."

Mbonea alianza, kwa ukali wa mtu ambaye hajalala siku tatu. "Orodha yangu ilikuwa sahihi siku niliyoiandika. Mlango mpana ulikuwa mwisho, na mwisho ndipo mahali pake. Ungebaki mwisho, Namkunda angesubiriwa. Mimi sikuweka kitu chini yake."

"Na maandishi ya kuonya uliyaweka wapi?" aliuliza Elinaza.

"Ulipaswa kujua."

"Nilipaswa kujua kilicho kichwani mwako, kaka? Niliandika mpokezi aliyefanya kazi. Watu wote hapa walisikia simu zikilia. Orodha niliikuta kimya, haina onyo. Mahali nilipofundishwa, njia yangu ingechaguliwa hata ingekuwa chini ya njia mia."

"Hapa sipo ulipofundishwa."

"Najua sasa." Sauti ya Elinaza ikapungua. "Sikupita mlangoni. Ningeituma mara moja tu kutoka kwenye simu yangu, kama mgeni, ningeona. Niliogopa isifanye kazi mbele ya watu. Nilitaka siku ile mnione binti wa Yonazi amefikisha ujumbe. Mkiliandika langu, litasomwa mstari mmoja chini ya lake. Nimeshaupima ukurasa."

Ombeni akajaribu. "Mwandikeni kompyuta basi. Mto uliandikwa, vita viliandikwa. Na kompyuta iandikwe."

"Mto haukuelekezwa na mtu," alisema Nikodemo. "Hii ilielekezwa, na ilifuata ilivyoelekezwa. Endeleeni."

Namkunda akasimama. "Baba Mdogo, mimi nilikuwa na namba ya Shangazi kichwani. Siku mbili ndani ya basi. Ningepiga, kaburi lingengoja. Sikupiga kwa sababu niliogopa kusikia sauti itakayoniambia usije. Kitufe hakina sauti, ndiyo maana nilibonyeza kitufe." Akawatazama Mbonea na Elinaza. "Lakini sitaki muwasomee wajukuu zangu kwamba sikuitika. Mimi niliitika. Niliitika siku mbili kabla ya kuitwa."

Nikodemo alikuna kidevu. "Ulimwitikia nani, mwanangu? Aliyeita hakukusikia."

"Ndilo hilo, Baba Mdogo."

Wakamgeukia Foibe. Walidhani ataandika tu, kwa maana kazi yake ni kuandika. Alivua miwani.

"Mlango mpana niliuomba mimi," alisema. "Niliuomba kwa ajili ya Namkunda, salamu zake zisirudishwe. Hilo wengine mnalijua. Hili hamlijui. Alhamisi, saa sita mchana, tarehe kumi na sita, niliona jina lake kwenye simu. Sikufungua. Nilidhani ametuma salamu badala ya kuja, nikamkasirikia. Ningefungua, Ijumaa tusingezika."

Nikodemo akamgeukia dada yake. "Unasema hivyo ili kuwaokoa vijana?"

"Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa."

"Hapa si mahali pa kujitoa mhanga, Foibe. Daftari hilo ni la kweli tu. Kama jina lako ndilo la kweli, liandike. Kama si la kweli, ukiliandika utakuwa umeliharibu daftari zima tangu ukurasa wa kwanza."

"Najua. Ndiyo maana kalamu bado iko mezani."

Mbonea, akitazama pembeni, akasema polepole, "Shangazi, uliniomba apokewe. Mimi nilikupa mpokezi anayemshukuru kila mtu na hamsikilizi yeyote. Ningeweza kuunganisha anwani ile moja ya zamani na chumba cha salamu, yakaisha. Niliona mlango mpana ni haraka zaidi. Sisemi liandikwe langu. Nasema tu ndivyo ilivyokuwa."

Nje, mtu alikuwa anageuza tangawizi juani, na harufu yake iliingia hadi mezani. Foibe akavaa miwani. Akavuta daftari. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama siku zote. Akaandika tarehe, siku, mwezi na mwaka. Akaandika, "Namkunda wa Eliewaha". Akaandika, "alizuiwa na".

Akainua kalamu.

Alimwona Yonazi wa miaka kumi na tisa, koti limemzidi mabega. Akamwona kaka yake Eliewaha kitandani, mtu ambaye kwa miaka sita alikuwa na neno moja la kumwambia mtoto wake, na badala ya kulisema aliomba parachichi irudiwe. Angelituma neno hilo mara moja tu, binti angeogopa nini kupiga simu? Lakini aliyekufa hawezi kusimama kikaoni akajitetea, na kiti chake hakikuwa na mtu.

Mstari ni mmoja. Nafasi iliyobaki inatosha jina moja, na jina hilo litasomwa mbele ya kila kaburi ambalo ukoo ule utachimba, watoto wake wakisikia, na watoto wa watoto wake.

Wino umeanza kukauka kwenye ncha. Watu wote wanamtazama Foibe, naye anawatazama ninyi mliosikia yote, mlango na orodha, kitufe na dirisha.

Je, aandike jina la nani?